Mteja wa Kwanza Haondoki Mikono Mitupu

Kwetu Lamington Road, mtaa wa maduka ya kompyuta, mteja wa kwanza wa siku haondoki mikono mitupu. Awe mbishi, awe mlevi wa jana, ataje bei ya kichekesho, utamuuzia kitu, hata kama ni waya wa kuchajia simu. Mauzo hayo ya kwanza tunayaita bohni. Fedha yake unaigusisha kwenye kipaji cha uso, kisha kwenye macho, kisha unaiweka mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wetu wa kike wa mali, na hapo ndipo siku inapoanza. Ukimfukuza mteja wa bohni umeifukuza riziki ya siku nzima. Asikudanganye mtu kwamba wafanyabiashara wa siku hizi wameyaacha hayo. Nimewaona wenye simu mbili mbili wakimbembeleza mpita njia asubuhi anunue japo betri.

Mimi ni Jayvanti Gala. Duka aliniachia mume wangu, Velji, na ninaliendesha pamoja na mdogo wake, Lalit, shemeji yangu, mtu mwema ambaye akisikia mlango unagongwa huomba radhi kwanza ndipo afungue. Tunauza vitu vya ndani ya kompyuta. Kinachotulisha hasa ni kadi ya picha, kile kipande ambacho bila hicho kompyuta haichezi mchezo wa maana wala haikati na kuunganisha filamu ya harusi. Sokoni kwetu yalikuwepo majina mawili, Orvix na Keldra. Orvix ndiyo kubwa. Wateja wengi walikuwa wakiitaja kabla hata hawajasalimia.

Velji alikuwa na mtindo wake wa kuuza. Hakusifia kitu. Aliuliza, "Ya kazi gani?" Akijibiwa, alitoa maboksi mawili, moja la Orvix na moja la Keldra, akayapanga bega kwa bega juu ya kaunta, akauliza, "Unataka ipi?" Kisha akanyamaza na kunywa chai yake. Mteja aligeuza hili, akageuza lile, akampigia binamu yake simu, na Velji hana haraka. Mimi nilikuwa nikimwambia anapoteza muda, foleni inafika mlangoni. Yeye alinijibu kwamba mtu aliyechagua mwenyewe harudi kesho kugombana.

Velji alipofariki, hata arobaini yake haijaisha, akaja Chintan Vora. Chintan ni mtu wa Trivella, kampuni inayosambaza Orvix upande wetu wote wa nchi. Kijana wa shati lililopigwa pasi, mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa kwa sababu ameona pana picha ya Lakshmi. Alinipa pole vizuri. Kisha akanieleza mpango mpya. Duka litakaloweka sahihi litaitwa Nyumba ya Orvix, litapewa kibao cha taa na litapata kadi mapema na kwa wingi. Masharti yalikuwa mawili tu, na aliyasema kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa. Keldra isikae kabatini wala isiuzwe. Na kila kadi ya Orvix ije na bodi yake, lile bamba kubwa ambalo vitu vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake, bodi za aina ambayo hakuna mtu aliyekuwa akizitaka, na mteja auziwe vyote pamoja.

Nilimuuliza itakuwaje kwa asiyeweka sahihi. Chintan alisema hakuna anayelazimishwa, ila mzigo wakati mwingine huchelewa bandarini. Na kweli, wa Anwarbhai wa pale pembeni, aliyekataa, ulichelewa bandarini mpaka leo. Anwarbhai sasa anauza mifuko ya simu. Tuliobaki tukatia sahihi.

Basi nikawa muuzaji wa mbuzi kwenye gunia. Mtu anaingia, bodi anayo nyumbani, nzima, anataka kadi peke yake. Namwambia haiuzwi peke yake. Anauliza kuhusu Keldra. Namwambia haipo. Bei ya mzigo wote ikimshinda anatoka, ikimweza ananunua huku akinitazama kwa jicho ambalo Velji hakuwahi kutazamwa nalo. Wengine waliondoka na kadi wakaniachia bodi pale pale kaunta, waichukue ya nini. Bodi zikajaa dukani. Lalit alizifanya kiti, mimi nikazifanya meza ya chai, na jirani yetu wa ng'ambo ya uchochoro, Gope Motwani, Msindhi mwenye mdomo, alitumia moja kuzuia mlango wake wa bati usijifunge na upepo. Alisema ndiyo kazi ya kwanza ya maana aliyoiona bodi ile ikifanya.

Keldra ilikuwepo, lakini. Tulikuwa nazo chache darini, nyuma ya feni mbovu, tukiwauzia wateja tunaowajua tu, alasiri, duka likiwa tupu. Nilizitia katika mfuko mweusi wa plastiki, ule ule ambao duka la dawa hutufungia wanawake vitu vyetu vya mwezi ili barabara isije ikajua. Najua Gope naye alikuwa nazo. Uchochoro mzima ulikuwa nazo. Funika kombe, mwanaharamu apite. Kila mmoja alijua la mwenzake, na hakuna aliyelitaja hata kwa mzaha, na sisi ni watu wa mzaha. Hilo ndilo liliniuma kuliko bodi.

Sasa asubuhi moja, Diwali iko karibu, nimewasha ubani, moshi haujafika hata darini, akaingia msichana mwenye begi mgongoni. Akasema anaitwa Rucha, anakata filamu za harusi. Kadi yake imeungua na msimu wa harusi unaanza mara tu baada ya Diwali. Anataka Keldra, ile yenye kumbukumbu kubwa. Orvix na bodi yake haiwezi, na bodi ya pili ataifanyia nini, ataikaanga?

Nilipenda alivyosema. Lakini simjui. Nyuma ya msichana, Lalit alinitikisia kichwa mpaka nikaogopa shingo itamtoka. Nikamwambia Rucha kwamba Keldra hatuna, ila kwa kuwa ndiye wa kwanza leo, nitampa waya mzuri kwa bei ya kutupa, aufungue mkono wangu. Kwa kawaida mtu hapo anacheka, ananunua waya, bohni imepita, kila mtu ana amani. Yeye akasema hahitaji waya. Nikamtajia betri. Akasema hahitaji betri. Akavuta mikanda ya begi lake.

"Basi, mama, naondoka tu," akasema.

Akageuka. Mikono mitupu, ubani unawaka. Jamani, tangu nilipoolewa ndani ya duka lile sijaona mteja wa bohni akivuka kizingiti hivyo, na Velji ananitazama kutoka kwenye picha yake ukutani, ndani ya shada lake la maua ya karatasi. Nikamwambia Lalit apande darini. Alipanda kama mtu anayepanda kunyongwa. Boksi likashuka, likafutwa vumbi, likaingia mfuko mweusi, na fedha ya Rucha nikaigusisha kipaji na macho, nikaiweka mbele ya Lakshmi. Nilimwombea msichana yule harusi nyingi. Kwa moyo, si kwa mdomo.

Adhuhuri akaja Chintan. Safari hii hakuvua viatu. Nyuma yake alikuwepo Rucha, begi halipo, shingoni ana kitambulisho cha Trivella, na macho yake yako chini. Chintan aliweka mfuko mweusi juu ya kaunta, akatoa boksi la Keldra, akaligeuza jina lituelekee. Alizungumza polepole na kwa adabu. Alisema amesikitika sana. Alisema wengine wamepelekewa wateja wa kuwapima mara nyingi na hakuna duka lililoteleza ila letu. Mzigo wa Orvix wa Diwali hautaletwa kwetu, na kibao kitashushwa.

Diwali ndiyo tunayokula mwaka mzima. Bila Orvix mwezi ule, duka la Velji lingekwenda njia ya Anwarbhai, na mimi ningekuwa mjane wa Kikutchi anayeuza mifuko ya simu na mashemeji wakinong'ona kwamba duka lingeachiwa mwanamume. Lalit alikuwa ameshaketi juu ya bodi zake ameshika kichwa. Nikasikia sauti yangu inatoka, nayo haikuwa ya kuomba.

"Chintan, baba yako alikuwa na duka la vitambaa Bhuleshwar, sivyo?"

Akasema ndiyo.

"Huyu binti umemleta hapa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya saa ngapi?"

Akaanza kulipanga boksi vizuri zaidi, na lilikuwa limekaa vizuri tangu mwanzo.

"Alasiri mlituma watu, tukawaambia hakuna," nikasema. "Ndiyo ukamtuma bohni. Ukamfundisha akatae waya, akatae betri, ageuke mlangoni. Rucha hakulijua hilo, kwao ni watu wa mshahara, si wa duka. Wewe ulilijua kwa sababu ulinyonyeshwa nalo."

Rucha aliinua uso akamtazama bosi wake. Nadhani ndiyo kwanza alielewa alichotumwa kufanya. Chintan alisema kwamba hayo ni mambo ya imani na hii ni biashara, akasukuma boksi kwangu, nimrudishie fedha ya kampuni. Hapo nilicheka, na sikuwa na kicheko. Nilimwambia alipo baba yake, hai au mfu, anajua kwamba cha bohni hakirudi siku hiyo. Fedha imeshamwona Lakshmi. Keldra ni yake, aende nayo.

Akaliacha boksi pale pale akatoka. Nikamtuma Lalit amkimbilie nalo. Lalit, ambaye huomba radhi kwa mlango, alimkimbilia uchochoro mzima huku akiita, "Bwana Vora, Keldra yako! Umesahau Keldra yako!" Watu wakatoka madukani. Chintan ilibidi aipokee ili kelele ziishe.

Kwa siku ile hicho ndicho kitu pekee kilichotuchekesha. Jioni tulikula dabeli, ule mkate wa viazi vya viungo. Lalit hakunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu. Nilikaa nikihesabu tutakachouza Diwali bila Orvix na hesabu haikuchukua muda.

Wakati wa kufunga Gope alivuka uchochoro. Gope hupiga kelele kutoka kwake, havuki, anasema magoti yake yana mkataba na kiti. Siku ile alivuka. Hakuuliza habari za mzigo wala kibao.

"Ni kweli Chintan alimleta yule binti bohni?" akauliza.

Nikamwambia ni kweli.

"Na ubani unawaka?"

"Unawaka."

Gope aligeuka akakitazama kibao chake cha taa ng'ambo. Kisha akasema, "Bodi zake nimezimeza. Kibao chake nimekitundika, kinanipigia taa usoni kutwa. Wateja wangu nimewadanganya kwa mdomo huu huu. Lakini bohni, Jayvantiben? Kesho mimi nikifungua mlango, nitamtazama mteja wa kwanza na kujiuliza kama ni riziki au ni mtego?"

Akarudi kwake bila kusubiri jibu. Mimi nilidhani ameishia hapo, kwa sababu Gope ni wa maneno.

Asubuhi yake nilipofungua, nikaona kwenye kabati lake la kioo, chini ya kibao cha taa cha Orvix chenyewe, maboksi ya Keldra yamepangwa safu nzima. Yote aliyokuwa ameficha. Alikuwa ameketi mbele yake anakula khakhra, vile vichapati vikavu, hatazami mtu. Kabla ya ubani wangu kwisha, wa duka la tatu naye akashusha zake. Kisha wa ghorofani. Hakukuwa na mkutano, hakuna aliyepita kumshawishi mwenzake. Ilisikika tu milango ya darini ikifunguliwa, mmoja hapa, mmoja kule, na watu wakipiga chafya kwa vumbi. Mambo yaliyokuwa yamewakaba muda wote huo waliyavumilia kwa kuwa ni ya fedha, na kwa fedha mwenye nguvu hupishwa. Hili lilikuwa limeingia mpaka kwenye ubani.

Lalit aliniuliza na sisi tushushe? Nikamwambia tumeshapigwa tayari, tunaogopa nini. Tukashusha.

Wateja walikuwa wa kufurahisha kuwatazama. Walizoea kuingia wakiwa wamekunja uso, sasa wakakuta maboksi mawili na swali. Wengine walidhani ni utapeli. Mmoja aliniuliza hii Keldra inauzwa pamoja na nini, nikamwambia na risiti. Hata hivyo kwetu Orvix ilibaki moja tu, ya kabatini, na waliotaka hiyo, nao ni wengi, niliwaelekeza kwa Gope. Kila nilipomwelekeza mtu ng'ambo nilihisi kama naligawa duka vipande vipande. Kwa Keldra peke yake tusingefika mbali.

Trivella hawakujua wafanye nini. Duka moja unalinyima mzigo. Uchochoro mzima ukiunyima, wiki ya Diwali, katoni zitalala ghalani kwako mwenyewe, na wakubwa wako watataka kujua kwa nini. Kwa hiyo walinyamaza. Wengine waliendelea kuletewa mzigo kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwetu hapakuja kitu.

Ndipo asubuhi moja, ninapandisha mlango wa bati, nikakuta mtu amesimama nje anasubiri. Alikuwa Chintan, peke yake, shati halina pasi. Nilitamani kuushusha mlango tena. Lakini ulikuwa umeshafika nusu, na mtu akishakuwa kizingitini ameshafika. Nikaupandisha wote. Akavua viatu. Alisubiri mpaka nimewasha ubani, na hilo nililiona.

Akasema amekuja kununua kadi. Ya mpwa wake, mtoto wa dada yake.

Lalit alinong'ona kwa nyuma kwamba ni mtego mwingine. Hata mimi niliwaza hivyo. Nikimuuzia Keldra, atakuwa na ushahidi wa pili. Nikimkatalia, nitakuwa nimefanya kile kile nilichoshindwa kumfanyia Rucha, na siku hiyo ningejua kwamba amenifundisha kweli kumwogopa mteja wa kwanza. Nilimtazama Velji pale ukutani. Hakuwa na msaada, kama kawaida yake kukiwa na foleni.

"Ya kazi gani?" nikauliza.

Akasema mpwa wake anasoma kutengeneza katuni. Nikaitoa Orvix yetu ya mwisho, nikaitoa Keldra, nikayapanga maboksi bega kwa bega, mbele yake.

"Unataka ipi?"

Chintan, mtu aliyeuza maelfu ya vitu vile, alisimama pale kama hajawahi kuona boksi. Aligeuza hili, akageuza lile. Nilikunywa chai yangu. Akaniuliza kwa sauti ndogo mimi ningechukua ipi, nikamwambia si mimi ninayetengeneza katuni. Akatoka nje akampigia mpwa wake simu, na sisi tukasikia upande mmoja wa mazungumzo, una uhakika, una uhakika, sawa, usimwambie mama. Akarudi akaweka kidole juu ya Keldra.

Alilipa. Niliigusisha fedha yake kwenye kipaji na macho yangu kama ya mtu mwingine yeyote, nikaiweka mbele ya Lakshmi. Yeye aliangalia mpaka mwisho. Alisema baba yake alikuwa akibusu noti pia, na mama yake alimgombeza kwa uchafu. Kisha akasema, huku anatazama maboksi, kwamba katoni zetu zitafika Alhamisi.

"Na bodi zake?" nikauliza.

"Bila bodi."

Sikumshukuru. Ilikuwa haki yetu, na mtu hashukuru kurudishiwa ndala zake. Lakini Lalit nyuma yangu alikuwa ameinuka kutoka kwenye zile bodi.

Chintan hakuondoka. Alitazama nje. Uchochoro ulikuwa umeamka, milango iko juu, Gope ameshaketi na khakhra yake, na kutoka kwetu mpaka barabarani ni maduka pande zote mbili, yote ya wateja wake.

"Nifungie basi kwenye mfuko," akasema. "Ule mweusi."

Mifuko myeusi ilikuwa chini ya kaunta, furushi zima, na goti langu lilikuwa linaigusa.

"Hiyo hatuna tena," nikamwambia.

Alingoja kidogo, akaona nimeshageuka kukoroga chai. Akavaa viatu, akaichukua Keldra mkononi, jina likiwa nje kwa sababu boksi lile lina jina pande zote, akatoka. Gope alimwona wa kwanza. Nilijua atasema kitu, na nilimwombea Mungu asiseme. Gope alisogeza miguu yake ampishe njia.

"Umechagua vizuri, bwana Vora," akasema, na akaendelea kula.